Mzuka wa Krismasi, na mama yake Kabula

Kilosa, Jumapili, jua linazama.

Joto la leo halina adabu. Mawingu yamekaa juu ya milima tangu asubuhi kama wageni waliokataa kuingia ndani. Mvua hainyeshi, jua haliondoki. Miguu imenivimba. Nimeitumbukiza kwenye beseni la maji na chumvi, simu nimeiegemeza gotini, naandika kwa kidole kimoja kama kawaida yangu.

Mnaonisoma mmenizoea kwa maneno ya jikoni. Nilipokuwa Mikumi nikiwapikia madereva wa malori, niliandika hapa habari za maharage na za wanaume wanaokula bila kunawa, mkacheka. Leo sina la kuchekesha.

Nimemharibia mtoto wa watu.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana nikianza na mwisho nitalia na simu itaingia kwenye beseni.

Mjukuu wangu Rehema anafundisha Kiingereza sekondari hapa Kilosa, kidato cha pili, watoto wa miaka kumi na tatu, kumi na nne. Mimi nimehamia kwake tangu magoti yalipogoma kusimama mbele ya majiko. Muhula huu wana hadithi ya Kizungu ya zamani, ya mzuka wa Krismasi. Rehema aliisoma darasani, watoto wakamtazama. Akairudia, wakamtazama. Akauliza maswali, wakamrudishia sentensi alizoandika yeye mwenyewe ubaoni, neno kwa neno, kama wanasoma dua wasiyoijua maana. Na mtihani wa taifa unakaribia. Akawa anarudi jioni anakaa juu ya ndoo uani, hata viatu havui.

Nikamwambia, hebu nisimulie mimi. Akanisimulia huku nakaanga ndizi.

Huko Uingereza alikuwepo mwenye nyumba tajiri, na mpangaji wake mwanamke, dobi. Usiku wa Krismasi tajiri alikuwa na wageni wengi, akakitaka chumba cha dobi, akamtoa nje na theluji inaanguka. Asubuhi wakamkuta barabarani amekufa. Tangu hapo, kila Krismasi ikifika, mlango wa tajiri unagongwa na sauti inasema: nifungulie niote moto. Hafungui. Miaka inakwenda, anazeeka, wageni wamekwisha kuacha kuja. Mwisho siku moja anafungua. Hamna mtu. Lakini asubuhi wakaona nyayo za maji kutoka mlangoni hadi kwenye moto, na kiti cha tajiri kimesogezwa kando, kama cha mtu aliyempisha mgeni.

"Hii ndiyo inayowashinda?" nikamwuliza. "Mbona inaeleweka?"

"Basi njoo uwasimulie wewe, Bibi. Kwa Kiswahili. Wakishaishika, Kiingereza nitakipandisha juu yake."

Nilicheka mpaka ndizi zikaungua. Mimi, niliyejifunza kusoma kwenye magunia ya unga na vibao vya mabasi! Lakini mkuu wa shule alikubali, na Jumanne nikavaa gauni langu la Idi nikaenda.

Niseme ukweli, nilifurahi. Walisimama wote pamoja, "Shikamoo bibi!", nikaitikia marahaba mpaka sauti ikatetemeka. Nikawasimulia. Nilipofika kwenye theluji nikawaambia wafikirie barafu ya kwenye friji ikitoka angani usiku kucha. Kijana mmoja wa mbele akasema, "Bibi, huyo mzuka angekuja Kilosa Krismasi, angeomba maji ya baridi." Nikamwambia angeyakosa, umeme umekatika. Darasa likachangamka. Hata waliokuwa wamelala wakainua vichwa. Nikawagongea mlango kwenye ubao, ngo ngo ngo, wasichana wakapiga kelele wakashikana.

Kutoka nyuma, karibu na dirisha, msichana mmoja akauliza, "Bibi, yule dobi nani alimzika?"

Nikasema hadithi haisemi. Nikaendelea.

Kumbe pale ndipo palikuwa pa kusimama.

Rehema akataka waigize. Akauliza nani atakuwa mwenye nyumba, mikono kumi juu. Nani atakuwa mzuka, kimya. "Madam, mizuka haichezewi," akasema binti mmoja, na wawili pembeni yake nikaona macho yameanza kulegea. Mnazijua shule zetu. Akianguka mmoja kwa mapepo, wanaanguka ishirini, wanatolewa mabegani mpaka chini ya mti wa bendera, wazazi wanajaa getini. Rehema akanitazama.

Nikasema niwatulize kwa njia ninayoijua.

"Nani ameshakwenda msibani akaona watani?"

Mikono yote. Hilo huku kwetu nani asilijue? Mtani, mtu wa kabila linalotaniana na la marehemu, anakuja amevaa kanzu yake, ameshika fimbo ya marehemu, anatembea kama yeye, anagombeza wafiwa kwa sauti yake: mbona chai haina sukari, mimi nikiwa hai mlinifanyia hivi? Analala mbele ya jeneza, hainuki mpaka apewe chochote.

"Mliogopa?"

"Tulicheka, bibi."

"Na wafiwa?"

"Nao walicheka. Huku wanalia."

"Basi. Maiti akichekwa na mtani wake anaondoka mwepesi. Yule dobi wa Uingereza alikosa mtani, ndiyo maana anahangaika kwenye milango ya watu."

Wakapiga makofi. Rehema akaandika kitu ubaoni kwa Kiingereza, nikaona wanakinakili kwa raha, siyo kama wanaonakili hukumu. Ningenyamaza hapo, ningekuwa nimefundisha vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Sikunyamaza. Mimi mdomo wangu haujui kituo.

"Mimi Msagara," nikasema. "Watani wangu Wasukuma wako wapi humu, wanaolisha ng'ombe kwenye mahindi yetu halafu wanatusalimia kwa heshima?"

Wakaangua kicheko, vidole vyote vikaelekea nyuma, kwa yule wa dirishani. "Kabula! Kabula!"

Nikamtazama vizuri. Paji lile la uso. Meno yale yenye mwanya.

Mama Kabula alikuwa akiuza maziwa hapa sokoni. Alitoka Msowero na ndoo zake, akifika mlangoni kwetu, Rehema ameshakwenda shule, ananiamsha kwa salamu ya Kisukuma na matusi. "Mwangaluka, Msagara mvivu! Jua liko kichwani na wewe uko kitandani, mume gani atakuoa?" Na mimi: "Msukuma wewe, maziwa yako yana maji mengi kuliko mto Mkondoa, nipe lita moja nioge." Hatukuwahi kusalimiana kama watu wenye akili. Alikuwa akinipimia na kuongeza kikombe juu, kisha anasema hicho ni cha mbwa wangu. Sina mbwa.

Mwaka huu, wakati wa masika, hakuonekana. Nikauliza. Muuza dagaa akaniambia amefariki, na mwili umesafirishwa kwao Shinyanga. Amekwishazikwa. Mimi mtani wake nilikuwa hapa hapa Kilosa, nimekaa na chupa yangu tupu, sikumvalia hata khanga yake. Sikumlalia njiani. Iliniuma, sikumwambia mtu.

Kwa hiyo msinihesabie kwamba sikujua. Nilijua mtoto huyu ni wa nani, na nilijua mama yake amekufa. Ndiyo sababu nilifanya.

Nilijifunga khanga kiunoni, nikachukua ndoo ya kupigia deki iliyokuwa pembeni, nikaiweka kichwani. Nikaburuta mguu wa kushoto kama alivyouburuta. Nikapita katikati ya madawati, mkono mmoja kiunoni, na ile sauti yake ya kuvuta, "Maziiiwa! Maziwa ya Msukuma, hayana maji kama ya Msagara!" Nikageuka, nikacheka kicheko chake, kile cha kuishia na kikohozi.

Nilimpata. Wallahi nilimpata. Niliusikia mwili wake ndani ya mwili wangu.

Kabula akasimama.

"Mama," akasema.

Alisema kwa sauti ya kuitikia, ya mtoto aliyeitwa kutoka nje. Darasa likalipuka kwa kicheko. Walidhani ameingia kwenye mchezo. Wengine wakagonga madawati.

Na mimi nikampigia makofi.

Nikamwambia, "Safi, mtani! Umeona hivyo ndivyo inavyochezwa?"

Akatoka. Hakukimbia. Alipita mbele yangu akafungua mlango, akaufunga polepole kama wanavyofundishwa. Rehema akadhani amekwenda kunawa uso. Somo likaendelea. Watoto walijibu maswali mazuri siku ile, Mungu anisamehe.

Asubuhi yake matroni wa hosteli akakuta kitanda cha Kabula hakijalaliwa. Siwezi kueleza saa zile. Rehema alikwenda mtoni, mimi nilikwenda stendi nikimwuliza kila mpiga debe, na kila mmoja akaniuliza, "Amevaaje, bibi?" na mimi simjui hata alivaa viatu gani. Mchana baba yake akapiga simu: yuko nyumbani Msowero, alifika na lori la mahindi. Ni mzima. Hasemi. Ila amesema moja, kwamba shule basi.

Mkuu wa shule hakumgombeza Rehema. Alimwuliza tu, "Mwalimu, yule bibi yako tulimwita aje kufundisha nini?"

Rehema hajanilaumu. Afadhali angenilaumu. Anaosha vyombo nilivyokwisha kuosha mimi. Jana nilimwambia nakwenda Msowero, akasema, "Bibi, usiende. Utazidisha." Leo alfajiri nikafunga mchele na sukari kwenye kitambaa, nikaondoka kabla hajaamka.

Baba Kabula alinipokea vizuri, na hilo lilinimaliza. "Shikamoo bibi." Akanipa kigoda kivulini, karibu na zizi, akaniletea michembe, vile viazi vitamu vyao vya kukausha, na maziwa. Akajaribu hata utani, masikini: "Leo Wasagara wameishiwa, wamekuja kuomba hadi huku?"

Jibu lake ninalo tangu sijazaliwa. Halikutoka.

"Marahaba, baba," nikasema.

Akaacha kucheka. Akakaa chini, akaanza kuchora mchangani kwa kijiti. Akaniambia mwenyewe, sikumwuliza. Mkewe alipofariki walipata gari moja la kusafirisha mwili, likajaa wazee. Na Kabula alikuwa na mtihani wa majaribio shuleni siku hizo. "Nikasema mtoto abaki afanye mtihani, kaburi haliondoki, ataliona likizo. Alifanya, bibi. Alifaulu vizuri. Likizo ikaja, nauli ya watu wote sikuipata. Tangu siku ile hajalia mbele yangu. Nilidhani ni ushujaa."

Yule dobi nani alimzika.

Mtoto aliniuliza mbele ya darasa zima, kwa Kiswahili kilichonyooka, na mimi nikamwambia hadithi haisemi. Kisha nikamletea mama yake katikati ya madawati, na ndoo kichwani, akiwa hajamwona akishushwa chini. Kwangu mimi Mama Kabula alikuwa amekufa. Kwake alikuwa amesafiri.

Baba akaita, "Kabula! Njoo umsalimie bibi." Kimya. Akaita tena, sauti imeanza kubadilika. Nikamzuia. Nikamwambia mwache, mimi nitakaa.

Nikakaa. Kuku wakanizunguka, wakanichoka. Binti yao mdogo, Limi, aliyeanza kutembea juzi juzi na sasa anaongea kama kasuku, akaja kunichezea shanga. Jua likapanda likaanza kushuka upande wa pili. Nilikuwa najiambia gari la mwisho litaniacha, na nikawa naomba liniache.

Kabula akatoka. Hakunipa shikamoo.

Najua watoto wa siku hizi. Lakini mtoto wa Kisukuma kumpita bibi kizee bila shikamoo! Baba yake aliinamisha kichwa kwa aibu. Kabula alikuwa ameshika ndoo ya maziwa, ile yenyewe, yenye mfuniko wa bluu uliopasuka. Akaiweka miguuni pangu.

"Fanya tena," akasema.

Nikamtazama baba. Akatazama ng'ombe.

"Mjukuu wangu, nimekuja kukuomba radhi. Sikuja kwa..."

"Nimesema fanya tena. Mbona kule ulifanya, wakacheka?"

Nikainuka. Magoti yalilia kama mlango. Nikaweka ndoo kichwani, nikatembea kutoka zizini mpaka jikoni, nikaita maziwa. Sauti ilitoka mbovu, imejaa machozi. Kabula alisimama amekunja mikono ananitazama kama mkaguzi.

"Sivyo," akasema. "Mguu aliuburuta akishachoka na safari. Wewe ulikuwa unamwona amekwisha kufika sokoni. Asubuhi hakuburuta. Asubuhi alitoka hivi."

Akanipokonya ndoo. Akatembea yeye.

Jamani. Sitaandika alivyotembea. Mtu aliyemjua yule mama asingebaki amesimama.

Akanirudishia. "Rudia." Nikarudia. "Kikohozi hakikuwa kirefu hivyo." Nikakifupisha. "Hakusema Msagara mvivu. Alisema Msagara wangu mvivu. Nyumbani alikuwa akikutaja hivyo." Hapo nikajifanya natengeneza khanga. Tulikwenda na kurudi kwenye ule uwanja, mimi na yeye, mpaka vumbi likasimama. Limi akawa anatufuata nyuma anacheka, akamvuta dada yake sketi.

"Dada, huyo mnamfanya nani?"

"Mama yako," Kabula akamwambia.

"Yuko wapi?"

Ndipo alipolia. Alikaa chini pale pale penye samadi akalia kwa kishindo, kinywa wazi, kama mwanamke mtu mzima, na baba yake akaja akachuchumaa karibu yake bila kujua mikono aiweke wapi. Nilishukuru. Niliona sasa tumemzika. Nikasema moyoni, Msukuma wangu, nenda salama, nimechelewa lakini nimekuja.

Nimeshawaambia kwamba mdomo wangu haujui kituo.

Alipotulia, nikataka kumaliza kama inavyomalizwa. Nikamwambia, "Mtani haondoki mikono mitupu, unajua. Nipe chochote, hata jiwe, nimfungie mama yako safari aende." Nilikuwa nangoja jiwe kweli. Au unyoya wa kuku, tucheke, nimtukane kwa ubahili, anitukane, aniambie shikamoo.

Akaingia ndani. Akatoka na sare yake ya shule. Shati jeupe na sketi, imefuliwa, imekunjwa pembe nne. Akaniwekea mikononi.

"Chukua hii," akasema. "Hii ndiyo iliyonizuia kumzika."

Nilimtazama baba. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama yake ndiye aliyetaka asome. Yale maziwa yote yalikuwa ya ada ya hosteli." Lakini hakumwambia airudishe. Naye ni mtu wa mila. Kilichotolewa kwa mtani kwenye msiba hakirudishwi. Mtani akikikataa, marehemu anabaki njiani, na mimi ndiye niliyemsimamisha njiani. Ningekataa vipi? Ningemwambia mtoto, mama yako abaki anagonga milango, mradi wewe ufanye mtihani?

Nikapokea.

Akasema, "Shikamoo bibi." Sasa ndiyo akaisema. Akaingia ndani na ndoo yake.

Gari halikuniacha.

Rehema alinikuta hapa uani nimeshika ile sare kifuani. Akasema, "Bibi, umekwenda kumrudisha mtoto, umerudi na nguo zake." Akakaa juu ya ndoo yake. Tumekaa hivyo, hakuna aliyewasha jiko. Mtihani unaanza wiki hii. Asipofanya mwaka huu atarudia kidato, na mimi nimeona macho yake: harudii huyu. Atachunga, atakamua, atabeba ndoo, ataburuta mguu jioni. Si kazi mbaya. Lakini hakuichagua. Ameichukua kama adhabu, na fimbo nimempa mimi.

Nimefikiri njia zote. Kuirudisha siwezi. Kumpelekea sare nyingine ni kumdhihaki. Kumwomba nimeomba. Kumleta mkuu wa shule na barua zake, atamsikiliza kwa heshima na hatakuja.

Imebaki moja, na nikimwambia Rehema atanifungia ndani, kwa hiyo naiandika hapa kwanza.

Nguo aliyopewa mtani huvaliwa.

Kesho nitaivaa. Shati halitafunga kifuani, sketi nitaivaa juu ya gauni, liwalo na liwe. Nitaingia darasani na wenzake, nitakaa kule nyuma dirishani. Sijawahi kukaa kwenye dawati tangu nizaliwe, sijui hata magoti huwekwa wapi. Nitakuwa Kabula mwanafunzi, aliyekwisha kufa. Nitamwigiza, na nitamwigiza vibaya kwa makusudi: nitanyoosha mkono kwa kila swali, nitajibu upuuzi kwa Kiingereza nisichokijua, nitapiga miayo, nitasema mimi Kabula, sijui kusoma, nimezoea ng'ombe. Watoto watacheka mpaka watoe machozi, na simu za mtaani zitafanya kazi yake. Habari itafika Msowero maziwa ya asubuhi hayajachacha.

Leo amenitembeza uwanjani kwenda na kurudi kwa sababu ya kikohozi kilichozidi urefu. Mtoto huyo atavumilia Msagara kumfanya mjinga mbele ya darasa lake?

Mkuu wa shule atanitoa, najua. Nitarudi. Akinitoa tena nitakaa getini na sare yangu. Watasema bibi yake mwalimu Rehema amechanganyikiwa. Waseme. Kinachonitia hofu siyo hicho. Maisha yangu yote nimevaa nguo za waliokufa na sikuota hata ndoto mbaya. Nguo ya aliye hai sijawahi kuivaa. Je, asipokuja? Nitakuwa nimemzika mtoto mzima kwa mikono yangu, mbele ya wenzake, wakicheka.

Sijui. Sina mwingine wa kumwuliza. Yule ambaye angenitukana vizuri na kuniambia la kufanya, ndiye niliyemsindikiza leo.

Kabula, wenzako wananisoma humu, watakuonyesha. Mama yako amekwenda, nimeshamfungia safari, hayupo kwenye hizi nguo wala hadaiwi kitu. Zimebaki nguo tu. Kuzirudisha mimi siruhusiwi. Lakini mfiwa akimvua mtani wake kwa nguvu, mbele za watu, kwa hasira, sijapata kusikia mzee aliyesema ni mwiko.

Asubuhi nitakuwa kwenye nafasi yako. Njoo univue.